Kiti cha Duka na Asali ya Mtani

Jumatatu, 8 Machi 1976

Ishirini na tatu! Kwa mia! Anselm, katibu wa kijiji, kayasoma matokeo mbele ya mkutano mzima, tena kwa sauti ya kusomea misa. Mtihani wa kuingia chuo cha biashara: Bundala, ndiye mimi, ishirini na tatu. Masolwa, jirani yangu, thelathini na nane. Inatakiwa hamsini. Sote tumeanguka, lakini mimi nimeanguka kutoka juu zaidi. Mimi nimeuza dukani miaka yote hii. Masolwa hajauza hata kiberiti.

Hakuishia hapo. Akasoma na jibu langu. Swali: sukari imekuja kidogo, wateja ni wengi, meneja afanye nini? Niliandika: Aifiche kwanza, wateja watajileta. Watu wakacheka mpaka watoto waliolala migongoni wakaamka. Wanacheka nini? Ndivyo duka lilivyo!

Sasa hali ni hii. Maduka ya watu binafsi yamefungwa. Kijiji chetu, huku njia ya Ipole, kitakuwa na duka moja la ushirika, na jengo walilochagua ni la kwangu. Rafu zangu. Mizani yangu. Kiti changu cha ngozi ya ng'ombe, nilichokikalia mpaka kikashika umbo langu. Atakayefaulu ataenda chuo miezi mitatu, akirudi ndiye meneja, ndiye atakayekikalia. Mtihani wa marudio tarehe ishirini, Tabora mjini.

Anselm kachukua ufunguo. Masolwa alipopita kakichungulia kiti dirishani. Nimemwona!

Jumatano, 10 Machi

Kusoma. Miwani yangu kioo kimoja kina ufa, kwa hiyo kitabu nakisoma kurasa za kulia tu.

Pelagia, mke wangu, kakubali kuwa mteja. Nimpimie mchele wa kuwaza, maana wa kweli hatuna. Nikapima. Akasema, Baba Ng'washi, toa kidole kwenye mizani. Nikamwambia mizani yenyewe ni ya kuwaza. Akasema mizani ni ya kuwaza, kidole ni cha kweli.

Masolwa anasoma kwa sauti, makusudi, ng'ambo ya ua wa mabua. Faida ni bei ya kuuzia ukitoa bei ya kununulia! Anarudia kama kasuku. Nikapaza yangu: faida ni kile alichosahau mteja! Akanyamaza. Nadhani alikuwa anaandika.

Ugali haushuki. Nikifumba macho namwona Masolwa kitini.

Ijumaa, 12 Machi

Nimepanda lori la tumbaku hadi mjini kwa Velji, aliyekuwa akiniuzia mali ya jumla tangu enzi za Mwingereza. Duka lake nusu tupu, anafungasha majora ya vitambaa kwenye makasha. Nikamwomba anifundishe biashara kwa siku moja. Akanitazama sana. Akasema, Bundala, mimi sijafanya mtihani wa biashara hata mmoja, na nikiufanya nitapata chini yako. Akasema pia jibu langu la sukari ni sahihi kabisa, ila nisilirudie popote.

Mkewe Pramila akaleta chai, na habari pamoja nayo. Habari hiyo! Msimamizi wa mtihani amefika kutoka pwani, amefikia nyumba ya wageni karibu na stesheni, jana kanunua nyembe hapa. Bwana Kondo. Mzaramo wa Kisarawe.

Mzaramo! Mtani! Babu zetu walibeba pembe za ndovu kwa shingo kutoka hapa hadi pwani, wakalala kwa Wazaramo, wakala nao, wakatukanana nao. Tangu hapo Mnyamwezi na Mzaramo hawanyimani kitu. Mtani akikamata kuku wako, unacheka. Sasa nani atanyimwa alama ishirini na saba?

Masolwa ni Msukuma wa Igunga. Hana mtu pwani. Maskini!

Jumapili, 14 Machi

Misa nimeiruka. Mungu ataelewa, naye ana shughuli zake.

Nimemkuta Bwana Kondo barazani, mimi na kibuyu cha asali, ile nyeupe ya miombo. Hakunijua, lakini nilipotaja kwetu tu akaruka: Mpagazi huyo! Tua mzigo, shingo itazama tumboni! Nikamjibu, Mzaramo gani huyu kaamka kabla ngoma haijalia? Akasema babu yake bado anamdai babu yangu ushuru wa kuitazama bahari. Nikasema babu yangu aliionja, akaikuta imezidi chumvi, akawaachia. Shikamoo hakuna, marahaba hakuna, matusi matupu. Raha!

Kibuyu akapokea. Akachukua na kofia yangu, akaivaa. Hapo nikaliingiza la mtihani, polepole, kama mtu anayeingiza mkono mzingani. Akasema yeye anasimamia tu, wanaosahihisha wako Dar es Salaam. Halafu akajikuna jicho.

Hiyo ni ishara. Mtu mzima hajikuni jicho bure.

Natoka, nani anaingia? Masolwa na jogoo! Nikamwuliza Kondo kwa sauti, huyu Msukuma naye ni nani kwako? Akasema kwao pwani Msukuma na Mnyamwezi ni mzigo mmoja, kamba tu ndizo mbili. Akamkamata jogoo, akamvua Masolwa na mkanda. Tumerudi lori moja, Masolwa ameshikilia suruali, mimi kichwa wazi, mvua yote yangu. 

Asali inamshinda jogoo. Lazima imshinde.

Jumamosi, 20 Machi

Leo mtihani, darasani mjini Tabora.

Madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Kondo akaingia na kofia yangu kichwani. Nikamchekea. Hakucheka. Akasema humu ndani hana mtani, hana mjomba, hana shemeji. Uso kama wa mkusanya kodi. 

Swali la kwanza silijui. La pili silijui. La tatu la mafuta ya taa, najua bei, hesabu siijui. Nyuma yangu Masolwa anaandika, kalamu yake inakwaruza kama panya kwenye magunzi. Nikasema hapana, mila ni mila. Kondo alipogeuka nikanyakua miwani yake mezani na kutangaza: haitoki mpaka ikombolewe kwa jibu la swali la kwanza!

Chumba kikacheka. Kondo hakupaza sauti. Alikuja, akachukua karatasi yangu, akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda kukaa. Utani kwa utani. Mimi na miwani ya mtu, yeye na maisha yangu mfukoni, na saa ya ukutani inakula dakika. Nikajaribu kucheka. Nikajaribu kukohoa.  Mwisho nikarudisha miwani, naye akarudisha karatasi. Muda hakurudisha.

Nikaandika kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Swali la mwisho nini? Sukari! Ile ile! Safari hii najua: agawe sawa kwa kila kaya. Nikaandika hivyo, herufi nzuri kabisa. Ingetosha. Lakini Kondo alipoanza kukusanya, mkono ukaongeza wenyewe: na kidogo abaki nacho chini ya kiti, kwa dharura.

Dharura zipo! Mwenye duka yeyote anajua.

Jumatatu, 29 Machi

Asubuhi nikasikia kilio njiani. Kondo, anakuja kwa miguu kutoka lori linaposimama, amejifunga kanga kichwani, anaomboleza: Bundala katutoka, jamani, Bundala! Wanawake wakaacha majembe. Pelagia akatoka na unga mikononi, akaniona nimesimama mzima, akaendelea kulia. Ati ameshaanza, bora amalize.

Kondo akalala kizingitini pangu. Maiti haitoki, alisema, mpaka watani walipwe. Ndiyo mila, wao ndio wanaozika.  Aliyefaulu hazikwi. Au anatania? Si kazi yake kutania? Nikatoa kibuyu cha pili. Hakuinuka. Nikatoa kuku. Akainuka, akajipangusa, akatangaza kwamba marehemu ni Alama, wa ukoo wa Bundala, aliyefariki akiwa na arobaini na nane.

Mbili tu! Kafia mlangoni!

Akasema msahihishaji ameandika pembeni ya sukari: nusu ya jibu ni sahihi, nusu nyingine ndiyo tunayopigana nayo. Masolwa, hamsini na moja.

Nikaingia ndani. Pelagia akanipa uji. 

Jioni akaja Anselm. Masolwa anaondoka kesho kwa treni. Sukari ya kijiji inafika Alhamisi, na mwingine wa kuishika hayupo. Nishike duka miezi hii mitatu. Nikienda vizuri, halmashauri itanifanya msaidizi wa meneja bila mtihani wowote. Akaniwekea ufunguo kiganjani, akaushikilia kidogo kabla ya kuuachia. Gawa sawa, Mzee Bundala, alisema. Karibu aniombe.

Alhamisi, 1 Aprili

Nimekikalia! Kimenipokea kama mwana mpotevu!

Gunia moja, kaya nyingi, foleni hadi kisimani. Nikapima sawa. Kidole nje ya mizani, Pelagia shahidi. Watu wakasema asante, Mzee, na mimi nikasikia kitu kizuri kifuani. Ila mapema, kabla sijafungua mlango, kifurushi cha sukari kilikuwa kimeshapita chini ya kiti. Kidogo tu. Dharura.

Sukari ikaisha, foleni haijaisha. Nikafungua mikono: basi, ndugu zangu. Na nani anashuka kwenye lori, anarudi zake mjini, kapita kuniaga? Kondo, kofia yangu kichwani. Akapita nyuma ya meza bila hodi. Akasema anachukua kiti, kumbukumbu yake ya Unyamwezi.

Nikakishika. Akakivuta. Watu wanacheka, mimi jasho linanitoka. Nikamwambia chukua mizani! Chukua rafu! Chukua Pelagia! Pelagia akasema, ala! Kondo akainua kiti.

Kifurushi hicho, sakafuni, mbele ya foleni nzima.

Aliyechukuliwa kitu na mtani haruhusiwi kukasirika. Ndiyo mila. Kondo akajitwika kifurushi kichwani, akatembea kipagazi mpaka kwenye foleni, akawagawia waliobaki, kikombe kikombe. Ikabidi nicheke. Nimecheka mpaka taya linauma. Anselm hakucheka. Alinyoosha mkono tu, nikampa ufunguo.

Kiti Kondo kaondoka nacho juu ya lori. Nilikitazama mpaka kona ya njia ya mjini. Halafu nikakumbuka: Masolwa akirudi atasimama! Miezi, miaka, atasimama!

Usaidizi wa meneja sasa ni kwa mtihani, mwezi wa Juni. Kosa nimeshaliona. Asali ilikuwa haba, tena jogoo wa Masolwa aliipoza. Nimemwuliza Anselm msimamizi wa Juni atatoka wapi. Handeni. Mzigua. Mzigua! Mtani wetu wa damu!

Pelagia kauliza, na vitabu je? Nikamwambia vitabu havina utani. Atafute kibuyu kikubwa.