Bwana Afueni na Pampu Kumi na Moja

"Zitamzoesha, nakwambia! Leo anavuta ya bluu, kesho ya kahawia, mwisho atakwenda kwa mume na kapu la pampu!"

"Na wewe ukiendelea kupiga sufi sebuleni, huyo mume hatamwona. Toa hilo vumbi nje!"

"Nje kuna jua. Vitambaa vya wateja vitachujuka."

"Vichujuke! Kifua cha mwanangu hakiuzwi kwa mita."

Nje ya dirisha, Bwana Afueni alisimama. Watu wenye adabu wakisikia mke na mume wanagombana huongeza mwendo. Yeye alivua kofia, akaupanga uso wake vizuri, maana kwake ugomvi wa nyumbani ulikuwa mlango uliosahauliwa wazi.

Kazi yake ilikuwa hivi. Aliuza dawa ya pumu iitwayo Kifua Chuma: chupa ya plastiki ya nusu lita, ndani yake maji, tangawizi kidogo na rangi ya kijani. Bei yake ilikuwa karibu na bure, ndiyo maana watu walimwona mtu wa Mungu. Sharti lilikuwa moja tu. Ukichukua chupa, unamkabidhi pampu yako ya kuvuta. "Dawa hii haitaki mke mwenza," alikuwa akisema, kwa huzuni ya mtu aliyejaribu kuwapatanisha akashindwa. Faida ilikuwa kwenye hizo pampu. Upande wa pili wa mji kulikuwa na mtu aliyeahidi kuzinunua zote zikitimia kumi na mbili. Mkobani mwa Bwana Afueni zilikuwamo kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa humo ndani, ikigombaniwa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna mteja aliyelijua. Bwana Afueni mwenyewe alikuwa na pumu tangu utotoni. Pampu yake aliiacha nyumbani chini ya mto kila asubuhi, maana muuza sumu ya panya akikutwa na mtego mfukoni, nani atanunua?

"Hodi wenyewe!"

Sebule ilikuwa karakana. Fundi makochi alikuwa amelipasua kochi kuukuu na kuichambua sufi yake kwa fimbo. Mkewe alikuwa kwenye cherehani akishona mito. Binti yao wa miaka tisa alikaa karibu na mlango na daftari lake; hakwenda shule siku hiyo kwa sababu kifua kilimbana alfajiri. Mezani kulikuwa na pampu mbili.

"Fundi," alisema Bwana Afueni, "nimeyasikia maneno yako nikiwa njiani. Nikajiambia, humu kuna mtu aliyesoma."

Fundi, ambaye hakuna aliyewahi kumsingizia jambo hilo, aliweka fimbo chini.

"Na wewe shemeji..."

"Mimi si shemeji yako. Unauza nini?"

"Siuzi, naokoa. Mtoto huyu anavuta mara ngapi?"

"Ya kahawia asubuhi na jioni, kila siku. Ya bluu akibanwa tu."

"Kila siku!" Bwana Afueni alimgeukia fundi kama shahidi mahakamani. "Hata akiwa mzima?"

"Hata akiwa mzima!" alisema fundi. "Ndicho ninachokipigia kelele! Mzima anatibiwa nini?"

"Njia za hewa zinavimba hata siku ambayo hakohoi," alisema mke. "Ya kahawia inazuia uvimbe. Nesi alinieleza mara tatu, nikaelewa ya kwanza. Au wewe hufagia siku ya wageni tu?"

"Nesi analipwa mshahara, mama. Mgonjwa akipona atalipwa na nani?"

Lilikuwa swali la kipumbavu, lakini lilitamkwa vizuri, na dunia imejaa watu waliopoteza mali kwa maswali ya namna hiyo. Fundi aliichukua pampu ya bluu mezani, akamkabidhi mgeni.

"Rudisha dawa ya mtoto!" Mke alisimama, kiti kikaanguka.

"Subiri, mama. Mimi sitaki uniamini kwa maneno." Bwana Afueni alishawahi kuwaona wanawake wa aina hii, na dawa yao ilikuwa ni maonyesho. "Nitakunywa mwenyewe, nisimame hapa katikati. Fundi, piga sufi! Piga kama unaidai! Kama nitakohoa hata mara moja, narudisha pampu na kuondoka."

"Mwanangu, toka nje," alisema mke. Mtoto akatoka na daftari lake.

Hapo ndipo Bwana Afueni alipokosea. Alikuwa na ushindi mkononi, akataka na makofi. Akanywa mafunda matatu. Fundi akapiga sufi ya miaka ishirini, yenye vumbi la makalio ya kila aina, mpaka dirisha likapotea.

Kwanza koo liliwasha. Bwana Afueni akatabasamu. Kisha kifua kikaanza kupiga filimbi, kwa mbali, kama treni inayokuja taratibu. Akatabasamu zaidi. Treni ikafika.

"Dawa inafanya kazi?" aliuliza fundi.

"Inafanya kazi ya mazishi," alisema mke. "Acha fimbo! Mshike, mtoe nje!"

Walimkalisha kizingitini. Bwana Afueni alipekua mkoba, akatoa pampu ya kwanza, akaibonyeza mdomoni. Ikatoa pumzi tupu. Akatupa, akachukua ya pili. Ya tatu. Mabega yalipanda na kushuka, midomo ikaanza kubadilika rangi.

Mke aliokota moja, akaigeuza. "Hujaona namba hapa nyuma?"

"Ya... kiwanda..."

"Ni hesabu ya mivuto iliyobaki. Hii sifuri. Na hii sifuri. Hii nayo."

Zote kumi na moja zilikuwa sifuri. Kinyozi, dada wa duka la dawa za mswaki na sabuni, mke wa mchungaji aliyelia machozi ya kweli akimkabidhi yake: kila mmoja alikuwa ameficha pampu nzima kabatini na kumpa takataka ili apate kinywaji cha tangawizi kwa bei ya bure.

Alibaki na ile ya bluu ya mtoto. Aliibonyeza kwa pupa, akaikohoa yote hewani.

"Unaimaliza bure. Lete." Mke aliinyakua. Kisha akachukua chupa ya Kifua Chuma, akaimwaga yote uani, akaisuuza, akatoboa tundu kitakoni kwa mkasi wa mumewe, akachomeka pampu, dawa ikusanyike humo kwanza isipotee hewani. Haikuchukua dakika. "Mwanangu, mwelekeze. Wewe ndiye unayejua."

"Anko, kaa wima, inama mbele kidogo," alisema mtoto, kwa ukali wa mwalimu mkuu. "Usiongee. Weka mdomo kwenye chupa. Mama anabonyeza mara moja, unavuta pole pole, unatoa, unavuta tena. Usinyonye kama ndama!"

Mbonyezo mmoja, pumzi nne. Mwingine, pumzi nne. Kwenye wa sita filimbi ilipungua. Kwenye wa nane Bwana Afueni aliweza kulia.

"Kumbe dawa yako ni nzuri," alisema mke, "ikishamwagwa. Hizo chupa nyingine acha hapa, shuleni kuna watoto wenye pumu watakaozitumia hivi hivi."

"Shemeji..."

"Haya, leo niite shemeji. Lakini nisikilize. Hiyo nafuu ni ya saa chache. Zahanati iko pale kona. Nenda sasa hivi, ukapewe yako ya kahawia."

Fundi aliitazama pampu ya mwanawe, akaitazama sufi. Kisha akaingia ndani, na wakamsikia akiliburuta kochi kuelekea uani, kwenye jua.

Bwana Afueni alifika kona. Kulia ilikuwa njia ya kwake, kwenye pampu iliyo chini ya mto. Kushoto ilikuwa zahanati, ambako nesi alishamfukuza getini mara mbili kwa ufagio, na ambako, kupitia mlango uliokuwa wazi, alimwona mke wa mchungaji kwenye benchi. Akiingia, kabla ya jioni mtaa mzima utajua, na Kifua Chuma kitakuwa kimezikwa. Alivuta pumzi kufikiri. Ikakwamia nusu ya njia.

Akakata kushoto.

Nesi alimwona, akautafuta ufagio kwa macho.

"Umekuja kuuza nini humu?"

Benchi zima liligeuka. Mke wa mchungaji akaukumbatia mkoba wake.

"Nina pumu," alisema Bwana Afueni, kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Tangu nina miaka sita." Akakaa mwisho wa foleni, kando ya mke wa mchungaji.

"Sogea basi, baba," alisema mke wa mchungaji. "Unakalia karatasi zangu."