Motokaa Iliyotwaa Mwalo wa Ndagala

Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika
Mwezi wa kumi na moja, 1913

Ndugu Mhariri,

"Motokaa itamtua mpagazi mzigo wake, na kila mji itakaoufikia utaamka tajiri." Maneno hayo yalichapwa katika gazeti lako na bwana mmoja wa pwani anayejiita Mpenda Maendeleo. Nimeyasoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mara ya pili nilimsomea mke wangu, Mwasiti, akacheka yeye. Mara ya tatu niliyasoma kwa sauti mbele ya wapagazi, na hapo hakuna aliyecheka.

Huyo bwana anaandika kwa kusikia. Sisi motokaa tunayo. Ni ya Mdachi mmoja mwenye shamba la michikichi kule Kizuka, tunayemwita Bwana Miwani. Imekaa nasi miezi minne, nami naleta mbele yako malalamiko matano, kwa heshima zote na kwa hasira kiasi.

La kwanza ni la huo mzigo. Motokaa hii, Ndugu Mhariri, ilikuja Rumonge kichwani. Reli imefika Tabora, na hapo ikaishia. Ikafunguliwa parafujo moja moja, ikafungwa kwenye miti, ikabebwa na watu themanini na wawili hadi Ujiji, kisha ikapakiwa melini. Yupo mtu aliyebeba usukani tu safari nzima, na mpaka leo wenzake wanamwita Bwana Usukani, jina ambalo halipendi. Baada yake yakaja madebe ya petroli, kichwani vilevile, na yanaendelea kuja. Debe moja hunywewa kwa safari ya kutoka mwaloni, ufukweni penye mitumbwi, hadi Kizuka na kurudi, safari ambayo mama mwenye mimba na mtungi wa mawese huimaliza kabla jua halijawa kali. Watu wanne hutangulia mbele na majembe. Wanane hufuata nyuma na kamba. Namwomba Mpenda Maendeleo atueleze hapo mpagazi ni nani na mzigo ni upi.

La pili ni la mpira. Watu wa pwani wanadhani motokaa imeanza kutugusa siku ilipoteremshwa melini. Sivyo. Kabla hatujaiona hata moja, ilikuwa imeshatuchukulia wanaume. Wanunuzi walikuja wakisema Ulaya kuna magari yanayotembea kwa miguu ya mpira, na mpira hautoshi. Basi wavuvi wakaacha nyavu, wakulima wakaacha mihogo, wakapanda msituni miezi kwa miezi kukata mimea ya mpira itambaayo mitini. Mwalo ukabaki na wanawake. Sasa mwaka huu wanunuzi hao hao wanakunja pua: mpira wenu mchafu, bei imeanguka, kuna mashamba mapya huko Asia. Wanaume wamerudi, wamekuta nyavu zimeliwa na panya.

Na kweli mpira wetu ulikuwa mchafu kidogo. Ndugu yetu Aruna, mgemaji wa siku nyingi, alikuwa na desturi ya kuviringisha kila tonge la mpira kulizunguka jiwe, jiwe likabaki ndani, ili mizani ipate cha kusema. Haikuwa siri, kila mtu alikuwa na jiwe lake. Siku tairi la motokaa lilipopasuka mbele ya msikiti, watu wote walimgeukia yeye.

"Aruna, toka! Jiwe lako limerudi!"

"Langu mimi? Mbona hamumwulizi Juma? La Juma lilikuwa kubwa kama yai la bata!"

Akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya tairi hadi kwenye kiwiko, akapapasa pande zote, akiwa na jasho la mtu anayetafuta ushahidi wa kumfunga. Hakukuwa na kitu. Tangu siku hiyo hapiti karibu na gurudumu lolote, na anaomba dua kwa ajili ya watu wa Ulaya waendao mbio juu ya mawe yake. Nauliza: fidia ya usingizi wa Aruna atalipa nani?

La tatu ni fupi. Mafuta ya motokaa ya kulainishia yalipokwisha, dereva wake, Abdul, kijana wa Ujiji mwenye adabu, alianza kuipaka mawese. Tangu hapo inakula mawese kuliko nyumba sita, na ikipita, mji mzima hunukia kama mboga za sikukuu, ilhali vyungu vyetu vimekauka. Watoto huikimbilia wakidhani ni karamu.

La nne ndilo lililonifanya nikate kalamu. Mahali tambarare pa kutosha gari kukimbia, hapa Rumonge, ni mahali pamoja tu: mwalo, yaani ule mchanga ambapo mitumbwi hufika alfajiri na wanawake huanika ndagala. Mgeni asiyewajua ndagala na aelewe hivi: ni samaki wadogo kama kidole cha mtoto, huvuliwa usiku wa giza, na hawasubiri mtu. Wasipoanikwa asubuhi, jioni ni chakula cha bata. Wanawake arobaini wanaishi kwa mchanga huo. Wakati wanaume tulipokuwa msituni tukiviringisha mawe, mchanga huo ndio uliowalisha watoto wetu.

Basi mwezi uliopita ilitoka amri ya serikali: mtu asianike samaki mwaloni mpaka motokaa iwe imepita na kurudi. Imepita na kurudi! Siku nyingine hupita asubuhi, ikarudi alasiri ikivutwa. Siku nyingine hulala Kizuka. Siku ya kwanza ya amri Mwasiti, mama wa binti yetu Asiya, alisimama mbele ya motokaa na kapu kichwani. Nilikuwapo.

"Mama, ondoa samaki, chombo iko na haraka!" akasema Abdul.

"Haraka ya kwenda wapi, mutoto wangu? Kizuka iko palepale tangu nizaliwe."

"Mama Asiya, mimi nimetumwa tu."

"Na mimi nimetumwa na ndagala. Wapigie honi wao, wakisikia watahama."

Akapiga honi. Ndagala hawakuhama. Makapu kumi yalipita chini ya magurudumu, na mwezi huo nyumba nyingi mwaloni zilikula mihogo mitupu.

La tano ni la haki. Ikiwa motokaa moja ina haki kuliko wanawake arobaini, basi si chombo tena. Ni mtu, tena mtu mkubwa. Sina ugomvi na hilo. Naomba tu ihesabiwe kama watu wengine. Kwanza ilipe kodi ya nyumba, kwa sababu inalala chini ya mabati, hali mwalimu wetu wa Kurani analala chini ya nyasi. Pili ipewe kipande cha kuandikia siku za kazi, na zamu yake ya kazi ya barabara ikifika, ishike jembe. Tatu, ijibu mashitaka. Ilimwua bata wa Bi Riziki mchana kweupe, na Abdul alipoulizwa akasema si yeye, ni chombo. Sawa. Chombo kilazwe kifudifudi mbele ya watu, kipewe hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kama tulivyozoea kupewa sisi, kisha kiseme ahsante. Ikionekana kwamba hakina mgongo wa kuchapwa, basi tuambiwe wazi kwa nini sisi tunao.

Natoa madai yangu sasa, na simpi kila msomaji. Nawapa ninyi makarani wa serikali mnaosoma gazeti hili huku mmekalia viti, ninyi mnaoandika amri kwa mwandiko mzuri: andikeni nyingine. Motokaa iondoke mwaloni kabla giza la mwezi ujao halijaanza na mitumbwi haijatoka. Msipojua pa kuipeleka, irudisheni kichwani ilikotoka. Wabebaji mnawajua kwa majina.

Wasalimie wapiga chapa wako wote, na mwenye kufagia chumba chao. Hapa Rumonge wazima wanakusalimu, wagonjwa wanakusalimu, na watu wa Kizuka, ambao hawajui kama nakuandikia, wangekusalimu pia.

Mimi, niliye mkweli kwako,
Asmani bin Maneno

Baada ya saini: Nilikuwa nimeikunja barua hii Mwasiti alipoingia, akataka nimsomee. Nilipofika lalamiko la nne akanikatiza: "Baba Asiya, hayo ni ya mwezi uliopita." Kumbe magurudumu yameushindilia mchanga wa mwaloni ukawa mgumu kama sakafu. Ndagala wanakauka kabla ya adhuhuri bila punje ya mchanga, na wachuuzi wa Ujiji wameanza kuwachagua wa Rumonge na kuwaacha wa mwalo wa Kabonga. Wanawake wamekubaliana na Abdul apite alfajiri, arudi papo hapo, kisha akalale Kizuka mpaka kesho. Amri haijavunjwa: imepita, imerudi, mchanga ni wao. Bwana Miwani anadhani motokaa yake ni mgonjwa wa mchana.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nilipoandika "iondoke", chapa "ibaki". Nilipoandika "irudisheni kichwani", futa kabisa. Jumanne petroli ilikwisha na wanawake arobaini wakaisukuma wenyewe mwalo mzima, wakiimba. Kesho zamu ya kuisukuma ni yetu wanaume. Ukiwa na jibu, litume bila haraka. Alfajiri sitakuwa nyumbani.