Seva ya Mwaitu Nzembi

Levi Kitheka alikuwa na ulimi wa kumuuzia kinyozi nywele. Ufundi wa kompyuta pia alikuwa nao. Kilichopungua ni uaminifu tu, na hicho hakikuwahi kumsumbua.

Siku alipoitwa kwa Mama Nzembi, hapo Machakos mjini, kutazama runinga, aliona makabati matatu ya DVD alizoacha marehemu mumewe: za makarate, za Kihindi, za kuchekesha. Juu ya meza kulikuwa na diski kubwa, mpya, zawadi ya binti yake Tracy. Moyo wa Levi ukapiga makofi.

"Mwaitu," akasema, yaani mama kwa Kikamba, sauti laini kama ya mtu anayeposa, "hizi filamu zitaisha na vumbi. Wacha nikutengenezee seva."

"Seva ndio nini, mwanangu?"

"Ni ghala. Filamu zote zinaingia kwa diski, diski inachomekwa kwa hii kompyuta yako nzee. Halafu unatazama kwa tivii, kwa simu, hata ukiwa jikoni unageuza chapati."

"Na dipoziti?"

"Pesa yako sitaki. Mama ni mama."

Nzembi akamtazama, akamwongezea chai.

Kule Tala, Yasin, anayewawekea watu filamu kwa flashi, alikuwa tayari kuinunua diski hiyo ikijaa. Basi Levi akafanya kazi kama mtu mwaminifu, jambo lililomchosha sana. Alinakili DVD zote, akapanga majina, akaweka mpaka picha za majalada.

Siku ya mwisho alikuja na diski nyingine mkobani, pacha wa ile ya Nzembi, ila ilikufa zamani. Akazima seva, eti ipoe, akaenda msalani. Aliporudi akaomba chai. Mama alipoingia jikoni, Levi akachomoa diski, akachomeka pacha wake, akanywa chai yote na kuaga kwa baraka.

Yasin alipoijaribu, diski ikalia kr-kr-kr.

"Levi, umeniletea maiti?"

Levi akaichomoa, akaichomeka tena: kr-kr-kr. Simu ikalia.

"Mwanangu, ulifika salama?"

"Nimefika, mwaitu. Seva... inaendelea aje?"

"Picha safi kabisa! Sasa, fundi akikataa dipoziti, mimi hupekua mkoba wake. Ulipoenda msalani nilibadilisha: diski yako kwa seva, yangu kwa mkoba. Ukabadilisha tena. Umenirudishia yangu kwa mkono wako mwenyewe."

"Mwaitu! Na mbona hukupiga nduru?"

"Nimpigie nduru mtu amenifanyia kazi safi hivyo? Hata nimewapa namba yako akina mama wa kanisa, kutoka Kalama mpaka Muthetheni. Nimewaambia uko na roho safi, hutozi mtu."

Mama akakata simu, na papo hapo namba ngeni ikaingia. Akapokea.

"Haloo? Huyo ni fundi wa bure?"