Risasi Nzito za Bunduki ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Niwie radhi, shajara yangu, kwa kimya hiki kirefu. Nilikuwa vitani. Adui ni Shemeji, mdogo wa mke wangu. Marehemu baba mkwe aliacha bunduki mbili pacha zenye midomo mipana: moja kwa Shemeji, moja kwa mke wangu, yaani kwangu. Jumamosi klabu yetu ya kulenga shabaha inachagua nahodha: atakayepiga shabaha vizuri zaidi. Nahodha! Nimekitamani cheo hicho tangu nikiwa na meno yote.

Leo nimekwenda kwa fundi bunduki. Nikataka risasi zenye ncha kali, zinazong'aa. Akang'aka. Akasema bunduki hii hupanga risasi ndani ya bomba, moja nyuma ya nyingine. Ncha kali ikigonga kitako cha ile iliyo mbele yake, zitalipukia mle mle. "Pua butu tu, mzee wangu. Mkono bado unauhitaji." Sawa. Pua butu. Ziko nyepesi na nzito. Akashauri nyepesi. Nikacheka moyoni. Bunduki kubwa, risasi nyepesi? Ni kumvika tembo viatu vya mtoto!

Jumanne, 4 Juni
Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nimenunua nzito zote dukani. Zote! Shemeji atabakiwa na nyepesi. Mke wangu ameuliza mbona kabati la vyombo halifungiki. Nimemjibu kwamba ni unyevu.

Alhamisi, 6 Juni
Shemeji amekuja kula. Akalalamika kwamba nzito zimeadimika. Nikamhurumia sana, nikamwongezea mchuzi. Mke wangu akasema baba yao alitumia nyepesi maisha yake yote, na bunduki zote mbili alizirekebisha zilenge kwa nyepesi. Nikamwambia mambo ya kiufundi atuachie sisi.

Jumamosi, 8 Juni
Risasi ya kwanza: ikachimba udongo mbele ya shabaha. Ya pili: vivyo hivyo. Ya tatu ikavunja mguu wa ubao, ubao ukaniinamia kwa heshima. Watu wakavunjika mbavu. Shemeji akapaza sauti: "Shemeji, unalenga au unalima?" Kisha yeye, na nyepesi zake, akapiga katikati. Katikati tena. Katikati tena! Nahodha ni yeye. Mke wangu akarukaruka kama msichana. Nilikuwa nimekwisha kununa vizuri, Shemeji akanibeba mgongoni, akanizungusha uwanja mzima. Nikajikuta ninapunga mkono. Wakashangilia. Nakiri, nilifurahi kama aliyeshinda.

Jumapili, 9 Juni
Nimetafakari. Risasi hazina kosa. Bunduki ndiyo ndogo! Fundi ana nyingine, kubwa zaidi, yenye mitutu miwili. Nitamwomba aniazime. Mtutu mmoja nitautilia nzito, wa pili nyepesi, ili niipige shabaha kwa vyovyote vile. Limebaki swali moja tu: nzito zikae kulia au kushoto? Nitakuandikia nikishaamua.