Diskasi Wangu wa Mto Amazoni

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Nitafuga samaki, diskasi wa mwituni! Wa kufugwa namwachia Beng Choon.

Beng Choon ni mwanyumba wangu, ameoa mdogo wake mke wangu. Wanakaa Ipoh, mji ulio mbali na kwetu. Ana tangi la kioo refu kama jeneza, taa za zambarau, na ndani yake diskasi wanane wekundu, wa duara kama sahani, sura zao zote moja. Jana kanipigia simu eti wa kwake wamezalishwa hapa hapa kwetu, hawaugui, wanakula chochote, na mtu wa umri wangu asijitie kwenye mambo ya samaki wa porini. Wa umri wangu! Tumepishana miezi saba.

Lakini hoja si Beng Choon. Hoja ni baba mkwe. Mzee Lim Chye Huat amezalisha diskasi miaka arobaini bandani kwake Bukit Mertajam. Januari magoti yakamshinda. Akauza samaki wote kwa siku moja, akafunga banda. Tangu hapo haongei, labda kuuliza kama mvua itanyesha. Uji anakula nusu bakuli. Mke wangu Siew Gaik anamlilia jikoni, anadhani simsikii. Sasa mzee amekubali kuhamia kwa mmoja wa mabinti zake. Atatangaza Jumapili ya tarehe 16, akitimiza themanini, na amesema atakwenda penye samaki anayestahili kutazamwa.

Na mimi nina langu. Miaka thelathini na moja nimemwoa binti yake, hajawahi kunitaja jina. Mbele yangu ni "wewe". Nyuma yangu ni "yule muuza makoti ya mvua". Siku ya harusi, kwa mila yetu ya Kichina, nilipiga magoti nikampa chai kwa mikono miwili. Akaonja, akasema imepoa.

Nataka aseme Teng Sai. Mara moja tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimempata! Dukani kwa Ah Leong, muuza samaki wa mapambo, peke yake kwenye tangi la pembeni. Rangi ya kahawia, michirizi ya buluu imefifia usoni, mkiani kipande kimemeguka. Ana sura ya mtu aliyeona mengi. Ah Leong kasema ameshuka juzi tu, moja kwa moja kutoka Mto Amazoni. Kaapa kwa kaburi la mama yake. Mama yake nilimwona nje anamenya kamba, ila sikutaka kumkatiza mtu katikati ya kiapo.

Masharti: maji laini, majani makavu ya mti wa mkungu mpaka maji yawe rangi ya chai, na nisishtuke akisusa kula wiki tatu. Wa mwituni wana majonzi, kasema. Nikaona kweli, ana majonzi.

Ijumaa, 7 Machi

Tangi liko sebuleni. Maji mekundu kama chai, na safari hii hayajapoa, nimeweka kipasha maji. Nikaingiza mkono kupanga majani. Akaja! Akanidonoa kidole! Wiki tatu za majonzi zimeisha kwa dakika tano. Huyu kanitambua. Tumeandikiwa.

Nimekaa naye mpaka chakula cha mchana kikapoa. Nikawaza. Babu yangu alikuja na meli kutoka Fujian, hana hata kiatu. Mimi nimezaliwa Jelutong, nyuma ya kiwanda cha sabuni, na Fujian naijua kwa kalenda ya ukutani. Sasa mimi ni wa mwituni au wa kufugwa? Samaki huyu angalau anajua kwao. Nimemwonea wivu kidogo, sioni haya kuandika.

Jumamosi, 8 Machi

Diskasi hunawiri kwa moyo wa ng'ombe uliokatwa vipande vidogo, kila mfugaji wa hapa anajua. Tatizo: Siew Gaik anamwabudu Guan Yin, mungu wa kike wa huruma, na nyama ya ng'ombe haivuki kizingiti chetu. Hata mama yake hakuiruhusu ndani, mzee alikatia bandani.

Nimenunua moyo kwa Pak Mail, bucha la halali. Nimeuficha kwenye kopo la tofu ya soya, nyuma kabisa ya friji. Akili! Samaki alipoonja kidogo alicheza ngoma. Ajabu, ametoka porini na moyo wa ng'ombe anaujua. Nadhani kule mtoni ng'ombe hutumbukia.

Jumatatu, 10 Machi

Balaa.

Saa kumi jioni Siew Gaik katamka neno tofu. Nikaruka. Nikautia moyo kwenye mfuko wake ule ule wa Pak Mail, nikakimbia kwa jirani, Makcik Rokiah, nimwombe anihifadhie kwenye friji yake. Hayupo. Nikauning'iniza getini nikarudi.

Mimi mtu mzima, nimekaa mtaa huu miaka ishirini. Mwezi wa Ramadhani, saa kumi jioni, mfuko getini! Hata mbuzi angejua hiyo ni futari ya jirani.

Jua lilipozama Makcik Rokiah akaja na bakuli, mvuke unatoka. Siew Gaik kapokea mlangoni. Kauliza ni nini kinanukia vizuri hivi. Makcik, kwa moyo safi, kamjibu ni rendang, mchuzi mkavu wa nazi, ya ule moyo wa ng'ombe alioletewa na mume wa Siew Gaik, Mungu amzidishie, alijuaje kwamba yeye Makcik alikuwa na hamu nao.

Siew Gaik hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Kamshukuru jirani, bakuli kaliacha nje ya kizingiti, kawasha ubani kwa Guan Yin, kasafisha friji nzima kwa maji ya ndimu. Ndipo akasema, bila kunitazama, kwamba nacheza mashindano na Beng Choon kama watoto wa gololi, na Baba akienda Ipoh, yeye atamwona mara ngapi kabla hajafa?

Hilo sikuwa nimelifikiria. Siku zote hizi nafikiria jina langu tu. Nimejisikia mdogo sana.

Nimehamishiwa kochini. Angalau niko karibu na samaki.

Jumapili, 16 Machi

Siku ya mzee, sherehe iko kwetu. Tambi ndefu, mayai mekundu, wajukuu. Beng Choon kaja na wekundu wake wawili kwenye tangi dogo lenye utepe. Utepe!

Mzee kawatazama kitambo. Kasema ni wazuri, wafugaji wa siku hizi wanajua rangi. Beng Choon akavimba. Kisha mzee akaja kwenye tangi langu. Nikaanza hotuba: mto, wavuvi, ndege, majonzi. Hakunisikiliza hata neno. Kainama mpaka pua ikagusa kioo. Kaangalia mkia. Halafu kanyanyua kidole chenye pete ya jiwe la kijani, kagonga kioo. Mara mbili, kimya, mara moja.

Samaki akachomoka kwenye majani kama kaitwa na mama yake. Akaja mbele ya uso wa mzee, anatikisa mwili mzima.

Mzee kacheka. Tangu Januari, ndiyo mara ya kwanza. Machozi yakawa yanamtoka huku anacheka. Kasema, "Nilidhani umeshakufa wewe." Kamwambia samaki, si mimi.

Kumbe ni wake! Mababu zake walitoka mtoni miaka arobaini iliyopita, mzee hakuwachanganya na damu nyingine, na watu hawakuwataka kwa sababu ni wa kahawia. Mkia huo alimegwa na samaki baba yake akiwa mdogo. Januari mzee alimuuza pamoja na wengine kwa mwenye duka mmoja.

Beng Choon alicheka mpaka yai likampalia. Eti Amazoni ya Bukit Mertajam! Nikapandwa na hasira. Nikamwambia hana ushahidi, huenda wavuvi wa kule nao wanagonga hivyo hivyo. Nilitetea hoja hiyo kwa nguvu zote. Katikati ya hoja nilitumwa kiti, nikaleta, nikaendelea.

Mzee kakaa mbele ya tangi. Kasema yeye haendi Ipoh. Siew Gaik kaingia jikoni kulia, na leo kalia kwa sauti.

Jumatatu, 17 Machi

Siew Gaik kanitoa kochini. Halafu kaniuliza: umefurahi? Nikamwuliza kwa lipi. Kanishangaa. Kasema jana mzee aligeuka, mbele ya watu wote, akasema, "Teng Sai, lete kiti."

Sikusikia! Mimi nilikuwa na wavuvi wa Amazoni! Miaka thelathini na moja!

Nikamwuliza alisema vipi, kwa dharau au vizuri. Kasema kama unavyomwita mtu wa nyumbani. Nikamwomba aigize. Kaigiza mara tatu, maskini, kwa sauti nzito. Si sawa.

Alhamisi, 20 Machi

Mzee anamaliza bakuli zima la uji. Moyo wa ng'ombe tunakatia nje, sote wawili, chini ya kamba ya nguo. Ni saa nzuri kuliko zote za siku. Leo kaniita mara nne. "Wewe" zote nne.

Nimepiga hesabu. Alitaja jina langu kwa sababu ya samaki. Kwa hiyo anatakiwa samaki mkubwa zaidi, wa mwituni kweli kweli, asiyejua kugongewa na mtu. Nitasimama karibu, nitafunga mdomo, nitasikia.

Nimepita kwa Ah Leong. Bahati iliyoje, mzigo umeshuka jana tu kutoka mtoni. Kaapa tena, safari hii kwa kaburi la baba yake. Kanionyesha hadi majani ya huko yaliyokuja ndani ya mfuko. Yanafanana sana na ya mkungu ulio nyuma ya duka lake, lakini majani hufanana. Nimemwambia aniwekee wawili.