Herufi Zenye Haraka

Jumatatu, 3 Machi
Zimekamilika! Alfabeti nzima, kubwa na ndogo, pamoja na tarakimu. Nene, zimelala kulia, ncha zimekatwa wazi bila vijikia wala mapambo. Nimeziita Mbio. S imenitoa jasho. Haitaki kuinama bila kuanguka. Nikamwita mke wangu aje aone. Akatazama skrini, akauliza zinawahi wapi. Kisha akasema lake: Jumapili ikifika bila mtu hata mmoja anayezitaka, naanza kazi ghalani kwa kaka yake, kupima misumari. Shemeji yangu huyo huanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Miaka yote hii ya kuchora iishie kwenye misumari? Nimeogopa kweli.

Jumanne, 4 Machi
Mwoka mikate anataka bango jipya. Nikampelekea jina lake kwa Mbio, kubwa, jekundu. Akasema mkate wake unaonekana unamkimbia mteja. Nikamweleza kwamba ni mteja anayeukimbilia mkate. Wapi! Kazi akampa Rula, mwandishi wa mabango wa ng'ambo ya barabara. Anaitwa hivyo kwa sababu herufi zake zote husimama wima, na kila moja huipima kwa timazi. Usingizi mtupu.

Nikapata mbinu. Nikapita kwa kinyozi, nikalegeza msumari wa bango alilochora Rula, liiname, watu waone kazi yake mbovu. Kinyozi akatoka, akarudi nyuma kidogo, akatikisa kichwa. Akasema sasa ndiyo lina uhai. Sifa zote zimeenda kwa Rula.

Jumatano, 5 Machi
Nimempata! Mwenye gari la kuhamisha mizigo. Gari na Mbio ni damu moja. Nikabandika TUNAHAMISHA ubavu wa kulia. Moto! Gari limeegeshwa, lakini ukilitazama unataka kulipisha njia. Nikabandika na ubavu wa kushoto, nikamwita. Akalizunguka. Akauliza kwa nini upande huu gari linarudi nyuma.

Nikatazama. Mungu wangu. Herufi zangu hulala kulia siku zote, na upande huo kulia ndiko kwenye tairi za nyuma. Muda wote wa kuchora sikuwahi kuwaza kwamba gari lina mbavu mbili. Nikamshauri awe anaegesha ubavu wa kushoto ukutani. Akajaribu hapo hapo. Mkewe, aliyekaa upande huo, akashindwa kutoka, na aliyoyasema dirishani siyaandiki hapa. Nikabandua zote.

Ijumaa, 7 Machi
Amekuja mjane wa fundi baiskeli, anataka tangazo la mazishi. Akaomba jina la marehemu lionekane vizuri. Basi lionekane wapi kama si kwenye Mbio? Nikachapa. Akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu.

“Mbona unamkimbiza, mwanangu?” akasema. “Huyu hakuwahi kuwa na haraka.”

Hakuwa na hasira, ndiyo maana iliniuma. Akanieleza kwamba mumewe aliweza kuziba pancha moja asubuhi nzima, huku akimsikiliza mwenye baiskeli na matatizo yake yote. Nikataka kumbadilishia. Sikuweza. Nilishafuta herufi nyingine zote kwenye kompyuta, kwa kiburi, nikabaki na Mbio peke yake.

Nikavuka barabara, nikamwomba Rula. Akanawa mikono, akachovya brashi, akaandika jina taratibu, kila herufi ikisimama kama mtu aliyefika alikokuwa akienda. Niliuangalia mkono wake mpaka mwisho. Kazi ilikuwa nzuri. Naliandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Mjane akaipokea karatasi, akapitisha kidole juu ya jina, akatushukuru wote wawili. Shukrani yangu nilitamani kuirudisha.

Jumapili, 9 Machi
Siku imefika na mteja hakuna. Nilishachagua hata shati la kuvaa ghalani. Mara hodi! Rula. Akaongea na mke wangu, si mimi. Akasema macho yake yamechoka, anahitaji mwenzake, na mtu anayeweza kuona kwamba jina halijakaa sawa, kisha akavuka barabara kuomba msaada, huyo ana jicho. Nianze kesho. Sharti moja tu: kuandika wima.

Mke wangu alilia kwa furaha. Shemeji akapigiwa simu asinitegemee. Nami nilifurahi, sikatai. Hata chai ilishuka vizuri.

Baadaye nikatulia, nikafikiri. Kwa nini mtu amwajiri mpinzani wake? Jibu liko wazi. Ananiogopa!

Jumatatu, 10 Machi
Kazi ya kwanza: kibao cha ofisi ya mawakili. Mbinu yangu mpya haina kasoro. Leo herufi nitaziinamisha kiasi cha unywele. Kesho unywele mwingine. Mwaka ukiisha mji mzima utakuwa umelala kulia, na Rula mwenyewe hatajua ilianza lini. Nimeanza na M.

Akaja, akasimama nyuma yangu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakusema neno. Hajaona! Kisha akanipa kitambaa chake cha kufutia rangi, kimelowa mafuta ya taa, akaenda zake kunywa chai.

Zawadi, siku ya kwanza tu kazini. Maskini, mzee wa watu ana roho nzuri. Nimekitundika ukutani, nikaendelea na A.