Nahodha wa Nchi Kavu

Jumatatu, 4 Agosti
Mimi Randu, nahodha! Wa majaribio, lakini nahodha ni nahodha. Bi Hadiya amejenga merikebu ya biashara kama zile za enzi ya babu wa babu zetu. Imesimama juu ya magogo hapa Shella, wageni waone mabaharia walivyochapa kazi. Jumamosi tunafungua. Tanga likitwekwa vizuri mbele ya watu, kazi ni yangu moja kwa moja. Nimempigia simu mama mkwe kule Matsangoni, nikamwambia nimeshaajiriwa. Ananiita mvivu tangu nimwoe binti yake. Amesema atakuja ajionee kwa macho yake. Lahaula!

Jumanne, 5 Agosti
Kilemba kimenikaa barabara. Nimesimama, mikono nyuma, nikaamrisha watu wavute. Hakuna aliyevuta! Kumbe foromali, ule mti mzito unaobeba tanga, haipandi kwa amri. Inapanda kwa wimbo. Baharia mmoja, Fumo, anaimba, wenzake wameshika kamba, wanangoja. Akifika mstari wa mwisho, wanaitikia na kuvuta kwa pamoja. Ndiyo desturi tangu zamani. Wapita njia wamempigia Fumo makofi. Mimi nimeombwa nisogee, nazuia picha. Nimeudhika sana.

Jumatano, 6 Agosti
Nimempelekea Fumo ukwaju wa barafu, jagi zima. Baridi inaua koo, kila mtu ajua. Amenishukuru, ameniita ndugu yake. Sauti ikazidi kulainika! Hata mpishi wetu, Mwanatumu, ametoka jikoni na mwiko mkononi ili amsikilize. Fumo akasema anifundishe wimbo, huenda siku moja akaugua. Nimekataa. Nahodha afundishwe na mvuta kamba? Thubutu!

Alhamisi, 7 Agosti
Mbinu mpya: mazoezi. Tanga juu, tanga chini, kutwa nzima. Kila mara nimemsifu Fumo, nikamwomba arudie. Mwenye sauti nzuri hakatai sifa. Mabaharia wamenuna. Garama, aliye mwisho wa kamba, amenung'unika kwamba wazee wetu walifika Bara Hindi kwa kuvuta kidogo kuliko hivi.

Ijumaa, 8 Agosti
Fumo amekauka! Ananong'ona tu, maskini. Nimempa pole kutoka moyoni, au karibu na hapo. Bi Hadiya roho juu, ananiuliza nani ataimba. Nimemtuliza. Wimbo naujua kama jina langu. Si nimeusikia jana kutwa?

Jumamosi, 9 Agosti
Aibu, aibu, aibu. Umati umejaa, mama mkwe mbele kabisa, leso mpya. Mabaharia wakainyanyua foromali kidogo, wakashika, wakangoja. Nikaanza kwa madaha: Mama nifungie mkate, naenda safari! Hapo hapo ule mstari wa mwisho, wa kuvutia, ukanitoka kichwani. Nikarudia: Mama nifungie mkate. Kamba ikaanza kuwaponyoka mabaharia. Mama nifungie mkate! Mama mkwe akapaza sauti, jamani, apewe huo mkate aende zake. Watu wakaangua kicheko. Foromali ikaanza kunishukia kichwani. Ndipo sauti ikatoka jikoni, ya Mwanatumu: Mkate nimeufunga, nenda na urudi! Mabaharia wakaitikia kwa kishindo. Akaimba tena, wakavuta tena, hadi tanga likafunguka lote. Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha mama mkwe. Si cha kunishangilia mimi.

Jumapili, 10 Agosti
Bi Hadiya ameamua. Nahodha ni Mwanatumu. Kilemba changu kimemkaa vizuri kuliko mimi, na hilo limeniuma. Mimi nimepewa mwiko. Mama mkwe amepita kunisalimu jikoni, akaonja mkate wangu, akasema ndani ni mbichi, ila angalau leo ameniona natoka jasho. Fumo naye amekuja na chai ya tangawizi, bado ananong'ona, eti nisivunjike moyo. Mtu mwema yule. Nilitaka kumwambia kitu, nikaghairi.

Nimekaa kando ya jiko nikawaza kwa utulivu nilikosea wapi. Nimepata jibu. Sukari! Ukwaju wa Jumatano nilitia sukari nyingi mno, ikamlainisha koo. Kesho nampelekea Nahodha Mwanatumu jagi lake. Barafu tele, sukari hata chembe.